Google Scholar Mbele ya Taaluma Nne: Inapojitosheleza na Inapohitaji Mwenzake

Google Scholar ni huduma ya bure ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, iliyoanzishwa Novemba 2004 na wahandisi wawili wa Google, Anurag Acharya na Alex Verstak, na kwa watafiti wengi ndio mlango wa kwanza wanaoubisha kabla hata ya kufikiria maktaba. Mapitio haya yanaipima kwa kazi moja tu, nayo ni usomaji unaovuka mipaka ya idara: sayansi za jamii, elimu ya sanaa, hisabati na magonjwa ya kuambukiza, kama inavyombidi mtu anayehariri jarida la chuo au anayefundisha mbinu za utafiti. Hukumu yangu ni kwamba kwa upana wa ukusanyaji haina mshindani, lakini mpangilio wa matokeo yake huegemea mno idadi ya mara ambazo andiko limenukuliwa, na kigezo hicho hakibebi maana ileile katika taaluma hizi nne.

Upana huo si wa kudhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliochunguza manukuu karibu milioni 2.5 katika nyanja 252 za elimu, ulikuta kwamba Google Scholar ilinasa kati ya asilimia 93 na 96 ya manukuu yote, kutegemea eneo la elimu, ilhali hifadhidata ya Scopus ilinasa kati ya asilimia 35 na 77 na ile ya Web of Science kati ya asilimia 27 na 73, na hizo mbili hulipiwa. Sayansi za jamii ni miongoni mwa nyanja zilizofaidika zaidi, na sababu haijifichi: wanasosholojia na wanaanthropolojia huandika vitabu, sura za vitabu, ripoti na tasnifu, wakati hifadhidata za kulipia zilijengwa kwanza juu ya majarida. Isitoshe, Google Scholar hupekua matini nzima pale inapoweza kuifikia, si kichwa na ikisiri peke yake, kwa hiyo hoja iliyozikwa katika sura ya sita ya tasnifu huweza kuibuka.

Chombo chake bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kile kiungo kidogo kilicho chini ya kila tokeo kinachoorodhesha maandiko yaliyolinukuu. Chukua makala ya Mark Granovetter ya mwaka 1973 kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu kati ya watu. Ni makala ya sosholojia iliyohusu, pamoja na mengine, jinsi watu wanavyopata habari za kazi, lakini ukifungua orodha ya walioinukuu, kisha ukatafuta ndani ya orodha hiyo maneno yanayohusu maambukizi au nadharia ya grafu, unajikuta umehamia kwa wanahisabati wa mitandao na kwa wataalamu wa milipuko ya maradhi bila kubadilisha dirisha. Hifadhidata ya taaluma moja haiwezi kukuvusha hivyo, kwa kuwa imejengwa ikidhani kwamba msomaji anajua tayari anatoka idara gani.

Kiungo hichohicho, hata hivyo, hakisemi mtu amenukuu kwa nini. Katika elimu ya sanaa mfano uliokomaa ni utafiti wa Frances Rauscher na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993, ambao uliwapima wanafunzi 36 wa chuo na kuripoti kwamba kusikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 kuliinua kwa muda mfupi alama zao katika majaribio ya kufikiri kwa maumbo. Hapakuwa na watoto wachanga katika utafiti huo, wala athari hiyo haikudumu zaidi ya dakika 10 hadi 15. Bado, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani alipendekeza fedha za umma zitumike kuwagawia watoto wanaozaliwa rekodi za muziki wa namna hiyo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti zilizofuata, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta athari ndogo sana. Kila aliyeandika kuipinga makala ile aliinukuu, na kila nukuu ya kupinga iliiongezea hesabu, kwa hiyo mwalimu wa muziki anayetafuta ushahidi anaiona ikiwa na tarakimu kubwa zinazofanana na sifa. Huduma haina namna ya kumtenganishia wanaounga mkono na wanaokanusha, na sioni kama idadi peke yake inaweza kufanya kazi hiyo.

Hata hivyo elimu ya sanaa inaugua zaidi ukimya kuliko kelele. Sehemu kubwa ya maarifa yake imo katika katalogi za maonyesho, ripoti za miradi na miongozo ya walimu, ambayo mara nyingi haina orodha ya marejeo na kwa hiyo haimpi mtu yeyote hesabu. Hapa ERIC, hifadhidata ya bure ya elimu inayoendeshwa na wizara ya elimu ya Marekani, huongeza mengi, kwani hupokea ripoti ambazo hazikuchapishwa katika jarida lolote na kuzipa maneno elekezi yaliyopangwa na wataalamu.

Kuhusu hisabati nitasema machache. Fomula haitafutiki kwa maana ya kweli, na anayetaka kupita katika tawi moja la hisabati kwa utaratibu atahudumiwa vizuri zaidi na zbMATH Open, iliyofunguliwa bure mwaka 2021, ambako kila andiko hupewa namba ya uainishaji wa somo. Panapostahili kusifiwa ni jinsi Google Scholar inavyokusanya matoleo mbalimbali ya andiko moja na kumwelekeza msomaji kwenye nakala isiyolipiwa, mara nyingi iliyowekwa arXiv, hifadhi ya bure ya makala mtandaoni iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991. Hilo si jambo dogo katika taaluma ambayo Grigori Perelman aliweka uthibitisho wa tatizo la Poincaré, swali maarufu la hisabati, katika hifadhi hiyo kwa makala tatu, kati ya Novemba 2002 na Julai 2003, asizipeleke katika jarida lolote. Mfumo unaohesabu majarida pekee ungezikosa, ingawa wanahisabati wenzake walizihakiki mstari kwa mstari kwa miaka kadhaa.

Magonjwa ya kuambukiza ndiyo yanayonifanya nipunguze alama. Mpangilio wa kawaida wa matokeo hupendelea andiko lililokwisha kunukuliwa sana, yaani andiko lenye umri, na katika mlipuko unaobadilika kila wiki umri ni kasoro. Ukichagua kupanga kwa tarehe, huduma hukupunguzia matokeo hadi yale yaliyoongezwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, kwa hiyo unalazimika kuchagua kati ya cha zamani kinachojulikana na kipya kisichochujwa. PubMed, inayosimamiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na iliyo bure vilevile, hupanga kwa tarehe bila sharti hilo, humruhusu msomaji kuchuja majaribio ya kitabibu peke yake, na hutumia msamiati uliodhibitiwa ambao huleta pamoja makala za ugonjwa mmoja hata kama waandishi wameuita kwa majina tofauti.

Zito zaidi ni suala la makala zilizofutwa. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kutumia data za wagonjwa 96,032 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671, ukihusisha dawa ya hydroxychloroquine na ongezeko la vifo. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne wakaifuta makala, kwa kuwa kampuni ya Surgisphere iliyodai kumiliki data ilikataa kuzitoa zikaguliwe. Katika PubMed makala ya namna hii hubeba onyo wazi kwamba imefutwa. Katika Google Scholar alama ya aina hiyo haijawekwa kwa utaratibu unaotegemewa; msomaji hutegemea neno lililoongezwa na mchapishaji kwenye kichwa, ikiwa toleo alilolifungua ndilo lililorekebishwa. Kuwa na nakala nyingi za andiko moja, jambo lililokuwa neema kwa mwanahisabati, hapa hugeuka hatari, maana nakala isiyo na onyo huendelea kuelea katika hifadhi ya chuo fulani.

Kwa mapitio ya kimfumo, yaani yale yanayokusanya kwa utaratibu tafiti zote za swali moja na ambayo katika tiba ndiyo msingi wa miongozo, siishauri kuwa chanzo kikuu. Haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja hata inapotangaza kupata milioni, haitoi orodha ya vyanzo inavyovipekua, na utafutaji uleule ukirudiwa siku nyingine huenda ukaleta mpangilio tofauti.

Kamati za ajira na za kupandisha vyeo zinazosoma kurasa za wasifu wa watafiti katika huduma hii zinapaswa pia kujua jinsi hesabu zake zinavyoweza kuchezewa. Mwaka 2010 mtafiti wa Ufaransa Cyril Labbé alimbuni mwanasayansi asiyekuwepo, akamwita Ike Antkare, akatumia programu iitwayo SCIgen kumtungia makala kama mia moja za upuuzi zilizonukuliana zenyewe kwa zenyewe, kisha akaziacha mtandaoni zikusanywe. Antkare alipata kipimo cha h cha 94, yaani makala 94 zilizonukuliwa angalau mara 94 kila moja, akampita Albert Einstein.