Duka la dawa Sinza: kijana wa jioni na hesabu zake za 0.05

Sina kawaida ya kuandika kuhusu maduka ya dawa, ila hili limenikaa kooni. Liko Sinza, jina naliacha.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Joto la Dar likishachanganyika na jasho, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya mikono panawaka, na usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu. Daktari akamwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, dawa ya kupaka, ile isiyo kali. Nikapitia dukani jioni natoka kazini.

Kijana wa kaunta hakukisoma cheti mpaka mwisho. Akachukua tyubu, akaitumbukiza kwenye mfuko wa kaki, akataja bei, nikalipa. Mimi dawa ya mtoto siiweki kwenye pochi bila kuisoma, nikaitoa palepale. Klobetasoli, 0.05. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii siyo iliyoandikwa." Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, hiyo ndiyo nyepesi. Cheti chako kinasema moja, hii ni sifuri nukta sifuri tano. Kubwa ipi?"

Jamani! Na koti jeupe amevaa!

Ile asilimia inasema kiasi cha dawa kilichomo kwenye tyubu. Ukali ni habari nyingine kabisa, na namba za dawa mbili tofauti hazilinganishwi. Klobetasoli iko kundi la juu kabisa la krimu za steroidi, yaani zile za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, haidrokotisoni iko la chini kabisa, na tofauti yao inaweza kufika hata mara 600. Nikamweleza hivyo kwa upole, foleni nyuma yangu inasikia. Akacheka, akasema: "Mbona wadada wanaipaka usoni kila siku na wanang'aa? Sembuse mguu wa mtoto."

Hapo damu ilinipanda. Yaani muuza dawa anachukua mkorogo wa watu kuwa ushahidi wa usalama! Ngozi ya uso ni nyembamba, dawa kali namna ile ikipakwa mfululizo inaifanya nyembamba zaidi, inaleta chunusi na wekundu, na ukiacha ghafla uso unalipuka kuliko mwanzo. Michirizi ikishatokea haifutiki. Mtoto ndiyo kabisa, maana ngozi yake inafyonza dawa kwa wingi ukilinganisha na uzito wake. Ikiingia mwilini nyingi na kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zinaweza kulegea kutengeneza homoni yake mwenyewe. Kwa anayevaa nepi ni hatari zaidi, kwa sababu nepi inafunika na kuisukuma dawa ndani.

Nikaomba anibadilishie. "Dawa ikishatoka hairudi." Haijatoka hata kwenye kaunta yake! Kisha akaniletea nyingine, ya mchanganyiko: steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki humohumo. Eti inatibu kila kitu. Mwanangu hana fangasi. Nikaondoka.

Nisimnyime mtu haki yake. Kesho yake asubuhi nilirudi kudai pesa yangu, nikamkuta dada mwingine, na huyo ni mfamasia kweli. Alisoma cheti chote, akauliza umri wa mtoto na wapi panawasha. Akanyoosha kidole cha shahada, akakamulia mstari wa krimu kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza, akasema kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mafuta ya mgando yapakwe kila siku, ila yapishane na dawa kama nusu saa. Wiki ikipita bila nafuu, mtoto arudi kwa daktari. Akaongeza neno nililolipenda: wazazi wengi wakisikia steroidi wanaogopa, wanapaka kiduchu mno, mtoto anazidi kuteseka bure. Ni kweli kabisa. Dawa hii ikitumika inavyotakiwa inasaidia sana, na mwanangu sasa analala.

Kwa ajili yake nilikuwa nawapa nyota nne. Nikauliza habari ya pesa yangu. Dada wa watu akampigia bosi, akaweka spika. Bosi: "Kwani mtoto kadhurika?"

Kwa hiyo ninyi mnangoja adhurike? Nyota nne nimezifuta, nimebakiza moja, na hiyo ni ya dada wa asubuhi peke yake. Ukilazimika kwenda pale, nenda zamu yake, na tyubu uisome kabla hujatoa hela. Tyubu yao ninayo, haijafunguliwa, risiti imeambatana nayo, na vyote viwili navipeleka Baraza la Famasi.