Sola ya Kununua Unguja na Pemba: Ipi Kwanza, Ipi Uiache

Aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme wa Bara ulipokatika miezi mitatu, hahitaji kubembelezwa anunue sola. Jua tunalo. Paneli ya wati 400 hapa kwetu huleta kama uniti moja na nusu kwa siku, zikatosha friji ndogo, taa na chaji za simu. Pesa za watu zinapotea kwenye betri na kwenye chumvi ya bahari.

Kwa nyumba yenye Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kwanza naweka inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) inayopokea paneli na umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, pamoja, na betri ya lithiamu. Ni ghali, lakini betri hiyo utaitumia karibu yote kila usiku kwa miaka. Ya asidi ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ukizoea kuvuka nusu yake unaiua, kwa hiyo umelipia uniti 1.2 na unakula 0.6. Mfuko ukikaza, nunua inveta na betri kwanza, paneli zifuate.

Ya pili ni seti ndogo ya taa tatu nne na chaji ya simu. Kwa nyumba ya shamba isiyofikiwa na nguzo, Micheweni au Makunduchi, hiyo ndiyo ya kwanza, tena wapo mafundi wanawake waliosomea ufundi wa sola Kinyasini wanaozifunga vijijini.

Betri ya gari iache. Kazi yake kuwasha injini, si kulisha taa usiku kucha.

Dukani nenda na futi. Paneli nzuri hutoa wati 200 hivi kwa mita moja ya mraba. Iliyoandikwa 300 na haifiki mita hiyo, maandishi yake ya uongo. Betri ya asidi ya Ah 100 inyanyue: isipofika kilo 25, madini ya risasi ndani hayatoshi.

Halafu bolti. Tazama mapaa ya Nungwi au Jambiani: chini ya kila bolti ya chuma cha kawaida kuna mstari wa kutu ulioteremka kwenye bati, na fremu ya alumini imeanza kulika pale pale. Dai bolti zisizoshika kutu, hata kama fundi atasema ni gharama bure. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10, mvua ya masika izioshe chumvi. Mwenye nyumba Mji Mkongwe aombe ruhusa ya mamlaka ya hifadhi kabla ya kugusa paa. Na dhamana ya betri iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba yake.