Pikipiki kubwa ya Kiitaliano na vespa: uzoefu wangu hapa Tanga

Nimemiliki vyombo viwili vya Kiitaliano katika mji huu. Cha kwanza kilikuwa pikipiki kubwa nyekundu ya silinda moja, nikakaa nayo miaka miwili. Cha pili ni vespa PX 150 ya miaka ya 1980, na huu ni mwaka wa nne naiendesha. Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha Chumbageni na kuuliza, "Kaka, hiyo unaiuza?" Nikisema hapana, swali linalofuata ni vipuri napata wapi. Hilo la pili ndilo la maana, na wengi hulisahau siku ya kununua.

Mimi mwenyewe nililisahau. Mapenzi yangu yalianza na picha ya pikipiki ya Kiitaliano, Ducati 916, ile ya mwaka 1994 iliyochorwa na Massimo Tamburini. Taa mbili nyembamba mbele, mabomba ya moshi yamepandishwa chini ya kiti, gurudumu la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, hivyo ukisimama upande wa pili unaiona rimu nzima. Sijawahi kuipanda, lakini tangu nilipoiona nikawa na jicho la kuchagua. Mgeni mmoja alipokuwa anafunga safari kurudi kwao na kuuza pikipiki yake ya Kiitaliano, ya kampuni nyingine ambayo siitaji, sikuuliza mengi. Niliangalia tangi lilivyochongwa kama kifua cha samaki, nikalipa.

Barabarani ilikuwa raha tupu. Kutoka Tanga hadi Segera alfajiri, lami bado ina umande, mlio wake mzito na laini. Sikosi shukrani kwa asubuhi zile.

Mwezi wa kumi na moja betri ikaacha kuchaji. Nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja mzee Ngamiani, mtu aliyefungua injini tangu mimi sijazaliwa. Kuifikia betri tu kulitaka kuondoa kiti, maplastiki ya pande zote mbili na tangi, na baadhi ya bolti zilitaka spana za nyota ambazo hakuwa nazo. Akazipanga bolti juu ya gazeti kwa mpangilio zilivyotoka, akapima, akagundua rekitifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini ili uchaji betri, imeungua. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ugonjwa nimeuona. Dawa yake haipo Tanga hii, na Dar sidhani." Kipuri kiliagizwa nje, kikachukua miezi mitano, na pamoja na usafiri kikanigharimu shilingi laki nane na nusu. Miezi yote hiyo pikipiki ilikaa ukumbini imefunikwa shuka. Ilipopona, taa ya onyo ya sensa, kile kifaa cha umeme kinachopima injini, ikawaka, na safari hii fundi hakuweza hata kuuona ugonjwa, kwa sababu ulitaka kompyuta ya kampuni. Niliuza.

Nisieleweke kwamba Waitaliano hawajui kutengeneza. Tatizo hili wenyewe wanalijua na wanalipima. Chukua Ducati: kwenye injini nyingi vali, vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi, hufunguliwa na kamu, kinundu cha chuma kinachozunguka, na springi ndiyo huzifunga. Mhandisi wao Fabio Taglioni alijenga jina la kampuni kwa vali zinazofungwa pia kwa mkono wa chuma unaosukumwa na kamu, mfumo unaoitwa desmo. Ni kazi ya kupendeza, ila kila vali ina nafasi mbili za kupimwa badala ya moja, na fundi lazima awe na subira na vipimo. Mwaka 2020 walipotoa pikipiki yao ya Multistrada V4 walirudi kwenye springi, na ukaguzi wa vali ukasogezwa hadi kila kilomita 60,000. Kwa mtu anayeishi mbali na wakala, habari hiyo ina uzito kuliko nguvu za farasi.

Sasa vespa. Piaggio, kampuni inayotengeneza vespa, walikuwa watengeneza ndege, na Vita vya Pili vya Dunia viliacha kiwanda chao cha Pontedera kimebomolewa. Aliyechora vespa mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki: zinachafua nguo, cheni inarusha oili, na pancha ni mateso. Akaficha injini kando ya gurudumu la nyuma, akaondoa cheni kabisa, akashika magurudumu upande mmoja kama ya ndege. Yale mapaja yake ya mviringo, mifuniko ya pembeni huku nyuma, tunayoyasifu yapo kwa sababu yanafunika kitu, na yanatoka kirahisi.

Nilipata pancha njia ya Pangani, nimeshapita Tongoni, jua la saa nane. Nikatoa gurudumu la akiba chini ya paja la kushoto, nikailaza vespa kidogo juu ya jiwe, nikafungua nati tano kwa spana ya 13, nikafunga la akiba. Gurudumu la mbele na la nyuma ni lile lile, kwa hiyo akiba ni moja. Kijana wa bodaboda aliyesimama kunisaidia alikuta nafuta mikono. Rimu yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, hivyo nyumbani nilibadilisha mpira wa ndani bila kupigana na tairi kwa vyuma.

Vipuri vinatoka India. Bajaj walitengeneza vespa kwa leseni ya Piaggio tangu miaka ya 1960, na kampuni ya LML ya mji wa Kanpur ikaja kutengeneza PX yenyewe. Waya wa klachi, plagi, vitambaa vya breki, vyote nimevipata bila kusubiri meli. Na bajaji hizi zinazojaa barabara zetu ni ndugu zake wa damu, maana zimetokana na Ape, chombo cha magurudumu matatu cha Piaggio cha mwaka 1948. Kwa Kiitaliano vespa ni nyigu, ape ni nyuki.

Adui wake hapa ni chumvi. Bodi ya vespa ndiyo fremu. Ni bati lililokunjwa, hakuna bomba la chuma ndani la kuishikilia. Mwaka wa pili niliinua mpira wa sakafuni ili nioshe mchanga, nikaona rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Nikagusa kwa bisibisi, ikapita hadi chini. Naishi Raskazone, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, na mimi nilikuwa naosha juu tu. Fundi wa kuchomelea alikata sakafu upande wa kulia, akaweka bati jipya, tukapiga msasa, prima na rangi. Shilingi laki mbili na siku nne. Tangu hapo kila Jumamosi naiosha kwa maji baridi hadi chini ya mapaja, na mpira wa sakafuni nimeutupa kwa sababu unatunza unyevu.

Mambo mengine: petroli lazima uichanganye na oili, mililita 100 kwa lita tano, kwa hiyo natembea na chupa yenye alama. Magurudumu madogo hayapendi mchanga. Kupanda Soni hadi Lushoto tukiwa wawili ilikuwa gia ya pili sehemu kubwa ya njia, na mke wangu alipata muda wa kutosha kutazama maporomoko.

Ukitaka kununua vespa mji wa pwani, usianze kuangalia rangi wala kupiga kiki. Omba ruhusa uinue mpira wa sakafuni, vua mapaja yote mawili, kisha lala chini na tochi uangalie mahali sakafu inapokutana na ngao ya mbele. Muuzaji akikukatalia, mshukuru uende zako.