Baskeli ya mtumba ya Japani baada ya miezi 8: nzito, ina kelele, na mie siwezi kuiacha

Nianze na bei mana najua ndo mnayoitaka, shilingi 180,000, duka moja la mitumba huku Ng'ambo, mjini Unguja, ambalo jina nnaliacha kwasababu tuna yetu mie na wao, ntayasema mbele. Ni ile baskeli ya kike ya Kijapani mnayoijua, bomba limeshuka chini huna haja ya kurusha mguu, kikapu mbele, keria nyuma, tairi inchi 26, taa ya dinamo, giya 3 zimejificha ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na lile kufuli la duara lililokazwa hapo hapo nyuma. Kwenye bomba ina stika ya maandishi ya kwao, ndo ile namba wanayosajilia baskeli kule Japani ikiibiwa ijulikane ya nani. Sijaibandua. Watoto wa jirani wanasema ni hirizi.

Mie nnakaa Bububu kazi yangu Vuga, kama kilomita 10 hivi kwenda na 10 kurudi. Niliinunua kwa hasira tu, hasira za kusubiri daladala ya 502 nusu saa halafu ije imejaa, ukiingia unakaa shingo upande na mwenye ndoo ya samaki kakuwekea magotini. Nikasema najaribu mwezi mmoja nikishindwa namuachia mdogo wangu. Mdogo wangu mpaka leo anasubiri.

Wiki ya kwanza nilikua nafika kazini miguu inatetemeka kama nimetoka homa, makalio sisemi. Wiki ya pili nikaanza kuona mwili mwepesi. Wiki ya tatu Jumapili, siku ambayo mie huwa haniamshi mtu, nikaamka mwenyewe, nikaswali alfajiri, nikashtukia nimeshika usukani naelekea Mtoni na sina nnachokifuata huko. Wakati wa kurudi nikanunua boflo ili nikiulizwa niwe na jibu. Hapo ndo nikajua huu sio usafiri tena, nshakua teja.

Na njia nayo ina mkono wake. Miaka yote nimepita hapo ndani ya daladala sijaona kitu zaidi ya kisogo cha mtu, saivi nnapita Mtoni pale kwenye kasri ya Sultani Seyyid Said alipozaliwa binti yake Bi Salme 1844, nnateremka Maruhubi kwenye gofu la mwanawe Seyyid Barghash, ile kasri iliyojengwa 1882 ikaungua 1899 zikabaki nguzo tu, na asubuhi maji yakijaa harufu ya chumvi inakufata mpaka barabarani. Wazee wanasema zamani njia hii ikipita treni, maili 7 kutoka mjini mpaka Bububu. Treni ishakufa, daladala zinajaa, mie na pedali zangu.

Haya turudi kwenye baskeli yenyewe.

Nilichokua nakiogopa zaidi ni baibui. Baskeli ya marehemu baba, ile nyeusi refu, mnyororo ulikua wazi na dada yangu aliwahi kutafunwa kanga nzima mbele ya skuli, watu wakacheka mwaka mzima. Hii mnyororo wote umefunikwa na kava toka mbele mpaka nyuma, miezi 8 baibui langu halijashika girisi hata tone. Ndani nnavaa suruali, pindo la upande wa kulia nnalibana na kibanio kile cha kuanikia nguo, kile kile cha mbao. Kuna siku nimeingia kwenye kikao nacho kimening'inia, basi tena.

Giya zake nnazipenda kwasababu unabadilisha hata umesimama, umekwama pale Darajani kati ya hamali na vespa unarudisha ya 1 kimya kimya ukipata mwanya unaondoka. Kwa Unguja hii tambarare giya 3 zinatosha kabisa. Dada yangu yuko Wete akanambia nimtafutie kama hii, nikamkatalia, vilima vya Pemba na uzito wa hili bati atakua anaisukuma yeye sio kuipanda, Pemba tafuteni yenye giya nyingi na nyepesi.

Huku kwetu kilima ni upepo. Hili hakuna muuzaji atakwambia. Bububu iko kaskazini ya mji, kwahiyo kusi linanila asubuhi nikienda kazini na kaskazi linanila jioni nikirudi. Nilinunua mwezi wa nane nikadhani uvivu ni wangu, kumbe kila asubuhi nakwenda kinyume na upepo, jioni narudi nachekelea kama nna mota. Ilipofika Disemba ikageuka, asubuhi nafika kabla ya bosi, jioni pale Kibweni natia giya ya 1 nakanyaga kama nasaga mahindi na watoto wa skuli wananipita na baskeli mbovu kuliko yangu wanasema pole mwalimu. Mie si mwalimu. Sijui wameona nini.

Kelele sasa. Breki ya mbele ni ya mipira ya kawaida haina neno. Ya nyuma ni ya mkanda, iko ndani ya kibati cha duara, na ikinyesha au asubuhi yenye umande inapiga ukelele wallahi utasema kuna mbuzi anachinjwa. Msikitini kwetu washaijua. Kijana mmoja jirani akanambia tia mafuta dada, itanyamaza. Nikatia, na kweli ikanyamaza, na breki yenyewe ikaondoka nayo. Nateremka naona mbele gari la ng'ombe la mchanga limesimama, nabana nyuma hola, nabana mbele inashika robo, ikabidi nishushe miguu nikaburura ndara lami mpaka ukanda wa moja ukakatika, nikasimama kikapu kinagusa mchanga. Ng'ombe hata hawakugeuka. Fundi aliponiona na ndara moja akaniuliza, "mwanangu, umetia mafuta?" Kabla sijasema kitu! Akasema huo mkanda ukishanywa mafuta haufai, ni kubadilisha. Kwahiyo msikie, ile breki iacheni ilie.

Jengine dogo, vali zake ni zile zenye kimpira chembamba ndani. Ukiamka tairi imelala usikimbilie kusema pancha, chomoa vali tazama kimpira, mara nyingi kimepasuka tu, na mafundi wote wanavyo. Mie nishatolewa tyubu nzima bure kabla sijalijua hili.

Sasa hao wa dukani. Walinambia imefanyiwa sevisi yote. Siku ya tisa tairi ya nyuma ikapasuka ubavuni, kuitazama vizuri kumbe ilikua na nyufa kama ardhi ya kiangazi ila wameipaka dawa nyeusi inang'aa. Nikarudi, wakasema "dada mtumba hauna garantii", kwa adabu kabisa tena wamenikaribisha kiti. Sawa. Lakini la ufunguo siwasamehi. Lile kufuli la nyuma wamenipa ufunguo mmoja hawakusema kitu, na mie nikaupoteza sokoni Darajani, nadhani kwenye tungule, baskeli imefungwa gurudumu haliendi mbele wala nyuma. Ikabidi nimwite hamali aipakie kwenye gari lake, mie nyuma yake na mfuko wa tungule, na kila tunaempita anauliza imekufa? Fundi akalikata kufuli na msumeno. Saivi nafunga na mnyororo na kofuli la mlango.

Kwahiyo ukienda kununua hizi, binya tairi ubavuni na ukucha, zungusha magurudumu yote mawili uone hayayumbi, panda ubadilishe giya zote 3, na uulize ufunguo wa pili. Kama hakuna teremsha bei.

Kwa baskeli natoa nyota 4 kati ya 5, duka nyota 2 na hiyo moja ni ya kiti walichonikaribisha.

Nyota ya tano baskeli imeikosa kwa uzito na ukelele, ila mie sio shahidi mzuri na nnalijua hilo. Wakati ule wa breki fundi alikaa nayo siku mbili anatafuta mkanda. Siku ya kwanza nilipanda daladala nikafika nimenuna, mtu wa meza ya pili akaniuliza nna msiba? Mchana miguu inanichezacheza chini ya meza. Usiku baada ya Isha nikajifanya naenda kununua mbatata za urojo nikapita kwa fundi, kashafunga, baskeli iko ndani nimeiona kwenye mwanya wa mlango imelazwa ubavu. Nikagonga. Akatoka na msuli wake akanitazama akasema "haijafa mwanangu, nenda kalale." Nikaondoka, mbatata sikununua.

Sasa masika imeingia, leo toka alfajiri inamwaga, mama kanambia mara tatu panda gari. Nnaandika hivi nimekaa ukumbini kibanio kishakaa kwenye pindo, baskeli hapa pembeni yangu ishatiwa upepo, nnasikiliza bati. Kama imepungua kidogo hivi.