Tiba kwa vitendo imemsaidia mwanangu, lakini kituo kile hapana

Jirani yangu ameniuliza kama ampeleke mtoto wake kwenye kituo cha tiba kwa vitendo tulikokuwa tukienda sisi. Mdomoni nilikuwa na hapana tu, lakini jibu lenyewe ni refu kidogo.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia umekaza na vidole vinajikunja ngumi. Mazoezi ya viungo alianza mdogo, ndiyo yaliyomwezesha kutembea, namshukuru Mungu. Sasa kuna kuvaa shati, kushika kijiko, kujisafisha chooni. Hayo ndiyo tuliyoyafuata pale, maana ndiyo kazi hasa ya wataalamu hawa.

Siku ya kwanza mtaalamu alikuja akamshika mtoto mkono. Nikanyanyuka niwafuate, akanigeukia mlangoni: "Mama, subiri nje. Hii ni kazi ya kitaalamu, ukiingia atadeka." Akafunga, nikasikia komeo. Mtoto analia mama, mama, watu kwenye benchi wananitazama, risiti ninayo mkononi na sijui mwanangu anafanyiwa nini. Walipotoka nikauliza mmefanya nini leo. "Mazoezi ya mkono," akaita jina linalofuata. Ikawa hivyo kila tukienda. Mazoezi gani? Nikifika nyumbani nifanye nini? Mtoto anakula kwangu, anavalia kwangu, anaoga kwangu! Yeye anakaa naye kwa muda mfupi, zilizobaki zote ni saa zangu.

Ungeniuliza kipindi kile ningekwambia wale ni wezi.

Halafu akaja binti mmoja yuko fildi, anasomea kazi hii kwenye chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi. Siku hiyo mkubwa wake, yule mtaalamu wa komeo, hakuwepo. "Shikamoo mama. Ingia, wewe ndiye utakayeendelea naye nyumbani." Nilitaka kumkumbatia. Akamkalisha mwanangu kwenye kiti kifupi, nyayo zikatua sakafuni, akanieleza kwamba mtoto akining'iniza miguu nguvu zake zinaishia kwenye kujizuia asianguke, mikono haitulii. Mpini wa kijiko akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukawa mnene wa kushikika.

Shati ndilo lililonitoa machozi. Wakati wa kuvaa, mkono uliokaza unatangulia. Wakati wa kuvua, unatoka mwisho. Basi! Hakuna aliyewahi kuniambia. Kwenye vifungo, binti alifunga vyote, cha mwisho akakiingiza nusu tunduni, mtoto akavuta tu kimalizike. Akishakiweza hicho, unamwachia na cha kabla yake, unarudi nyuma hivyo hivyo, ili kila mara anayemaliza kazi awe yeye. Mngeuona uso wake kifungo kilipopita! Alinitazama, akakifungua, akataka tena.

Nyumbani tumeendelea. Tunachambua mchele pamoja, anaokota vijiwe kwa kidole gumba na cha shahada, polepole, na simharakishi. Leo shati la shule anavaa mwenyewe, isipokuwa kifungo cha kwenye kola. Kijiko anakishika, mchuzi bado unamwagika.

Kwa hiyo pale ni pazuri? Nikiandika haya hasira inanipanda upya. Tyubu kuukuu, mchele, shati la mtoto, vitu ninavyo nyumbani kwangu, na mimi nimekalishwa benchini miezi yote ile! Nilipomwomba yule mkubwa aniruhusu niwe nakaa kimya kwenye kona, akanijibu mbele ya watu, "Wazazi wa siku hizi mnajua sana." Sikumjibu, nilikuwa natetemeka. Binti alipomaliza fildi yake, komeo likarudi. Tukahama.

Kazi huenda anaijua, siwezi kumnyima hilo. Vidole vya mwanangu vilikuwa vimeanza kufunguka hata kabla binti hajafika. Lakini ujuzi usiotoka chumbani hauwezi kumsaidia mzazi kumvalisha mtoto asubuhi ya Jumatatu, gari la shule linapiga honi nje.

Jirani yangu, mpeleke mtoto, tena usichelewe, tiba hii inasaidia. Pale sikushauri. Labda kama yule binti wamemwajiri, hapo nitarudi hata mimi. Popote utakapokwenda, waulize mapokezi kama mzazi anaingia chumbani. Wakikataa, mchukue mwanao muondoke kabla hujalipa.