Old Rasputin kwenye joto la Malindi

Old Rasputin ya North Coast Brewing, California, ni stauti, yaani bia nyeusi, nzito yenye kilevi cha asilimia 9. Chupa ya mililita 355 yatosha watu wawili.

Baa nyingi huitoa ikiwa baridi kupindukia, na hapo ndipo inapoharibika: kwenye nyuzi 4 harufu hufa, ukabaki uchungu mtupu. Iache mezani dakika 20 hivi, ifike karibu nyuzi 12. Laza glasi yenye tumbo, mimina taratibu, kisha isimamishe ili povu la kahawia lipande.

Hapo utasikia kahawa iliyokaangwa sana, chokoleti chungu, na ukoko wa mkate. Shayiri iliyokaangwa na hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) huleta uchungu, utamu wa kimea huukata; ukali wa kilevi huja mwishoni, kooni. Ni bia bora kabisa, lakini usiinywe na chaza, itawafunika. Mbuzi choma aliyebabuka kingoni ndiye mwenzake.

Tazama tarehe kabla ya kulipa. Ikinuka mchuzi wa soya au karatasi iliyolowa, imekaa rafuni kwenye joto; irudishe.