Nimeonyesha picha zangu katika maktaba ya umma Mombasa: uzoefu wangu

Msanii wa Mombasa anayetafuta ukuta wa kuonyesha kazi zake, namshauri abishe hodi maktaba ya umma kabla ya kwenda hotelini. Nasema hivi baada ya picha zangu kukaa kwenye maktaba moja hapa mjini msimu wa kusi. Naipa huduma hiyo nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuinyima ya tano nitaieleza. Jina la maktaba naliacha, kwani mengi nitakayoyasema yatamfaa mtu kokote atakakokwenda.

Mimi huchora kwa rangi za akriliki, mara nyingi juu ya mbao za mashua zilizochakaa. Nachora wavuvi, wachukuzi wa soko la Kongowea, akina mama wa mahamri, na msongamano wa asubuhi kwenye feri ya Likoni. Kwa muda mrefu kazi zangu zilikaa hotelini, kwenye ujia wa kuelekea bwawa la kuogelea. Mgeni hupita na taulo begani, akatupa jicho, akaenda zake. Akinunua, picha hupanda ndege na habari zake zikaishia hapo. Pesa yake siikatai. Lakini yule mama wa mahamri niliyemchora hawezi kuingia hoteli ile kwenda kujitazama. Mlinzi wa getini atamuuliza anamtafuta nani.

Maktabani mlinzi anataka mkoba wako tu, kisha unapita.

Na wanaopita ni wengi, tena wa kila aina. Kuna wanafunzi wa sekondari wanaokuja na madaftari yao wenyewe kwa sababu nyumbani hakuna nafasi wala utulivu. Kuna vijana waliomaliza chuo, wanaandika barua za kuomba kazi. Kuna wazee wanaofika mapema kuwahi gazeti la leo kabla halijashikwa na mwingine. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwake akisema anakwenda kutazama sanaa, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Hotelini picha hupewa sekunde chache. Maktabani mtu anakaa mbele yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, maana kiti chake kimeelekea huko. Akichoka na hesabu, anainua macho, na picha iko pale.

Kwa hiyo tulizishusha. Kawaida ya nyumba za maonyesho ni kutundika picha ili katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Wasomaji wameketi. Mimi na mkutubi tulikaa kwenye viti vya pale, tukatazama ukutani, tukazishusha picha hadi shingo zikatulia. Nikaona tofauti siku hiyohiyo: mtu anatazama picha bila kuondoka mezani kwake.

Picha iliyovuta watu kupita zote ilikuwa ya jahazi, niliyoichora kwenye ubao mrefu wa mvule. Mzee mmoja wa magazeti, kanzu na kofia, alisimama mbele yake siku kadhaa bila kusema neno. Mwisho akanijia.

“Mwanangu, jahazi hii yenda na kaskazi au yenda na kusi?”

“Na kusi, babu. Inarudi Arabuni.”

“Basi imesheheni boriti.”

Kutoka hapo alinipa darsa nisilolipata kokote. Majahazi yakija na kaskazi yakileta tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Kusi ikiingia, yalirudi na boriti za mikoko, nyingi zikitoka Lamu, kwa sababu kule Ghuba miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Akanionyesha kwa mikono yake miwili upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale, jinsi vilivyo vyembamba na virefu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwani boriti ndiyo iliyobeba dari. Serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, akasema, na biashara ile ikakatika.

Mkutubi alikuwa akisikiliza kutoka kwenye meza yake. Hakusema kitu. Aliingia kwenye rafu, akarudi na kumbatio la vitabu: kimoja cha vyombo vya baharini, kimoja cha mikoko, kimoja cha ujenzi wa miji ya pwani, na kitabu cha jiografia cha sekondari kwenye sura ya pepo za msimu. Akavipanga juu ya meza nyembamba chini ya jahazi. Alasiri ile msichana mwenye sare ya shule alikaa kwenye meza hiyo, kitabu cha jiografia wazi mbele yake, akiinua kichwa kutazama tanga na kukiinamisha tena kusoma upepo unavuma kutoka wapi.

Hapo nikaelewa maktaba inampa msanii nini ambacho nyumba ya maonyesho haiwezi kumpa. Ukuta mweupe na taa nzuri vinapatikana kwingi. Vitabu elfu kadhaa nyuma ya picha, na mtu anayejua kila kimoja kimelala wapi, vinapatikana maktabani peke yake. Baada ya siku ile tulifanya hivyo kwa kila picha. Chini ya mama wa mahamri viliwekwa vitabu vya mapishi na diwani ya mashairi. Chini ya feri, vitabu vya historia ya mji. Maelezo ya kila picha niliyaandika upya, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na ya jahazi nikayaongeza habari za boriti kwa ruhusa ya yule mzee.

Nilikuwa na wasiwasi kuhusu picha za watu. Mombasa wapo wasiopenda sura za binadamu zitundikwe wanaposoma, na mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ya namna hiyo. Mkutubi alipendekeza picha zenye sura zikae upande wa lango, na zile za vyombo, milango na mikeka zikae ndani ya chumba cha kusomea. Hakuna aliyelalamika. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, na ningeufanya tena hata bila kuambiwa.

Sasa kuhusu hewa yetu, maana hili linaharibu kazi za watu. Mombasa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na maktaba nyingi hutegemea madirisha wazi na feni. Karatasi hushika ukungu, kwa hiyo picha za rangi ya maji usizitundike bila kioo, na nyuma ya fremu gundisha vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite kati yake na ukuta. Misumari ya kawaida hupata kutu na kuacha michirizi ukutani, jambo litakalokukosanisha na wenyeji wako. Nilitumia kulabu za chuma kisichoshika kutu na mshipi wa kuvulia, ule mnene. Haupati kutu, na kwa mbali hauonekani. Ukuta unaopigwa na jua la jioni uache kabisa, au uweke kazi ya mbao iliyopakwa vanishi vizuri.

Mauzo yalikuwa machache, lazima niseme. Anayekwenda maktaba kwa kukosa intaneti nyumbani hana pesa ya picha mfukoni. Walionunua walikuwa walimu, na wakili mmoja aliyemfuata mwanawe. Maktaba haikupokea pesa wala haikukata kamisheni. Niliacha namba yangu ya simu kwenye daftari la wageni, mnunuzi akanipigia, tukamalizana kwa M-Pesa. Kilichonishangaza ni kazi zilizokuja baadaye: shule moja iliniita kufundisha watoto kuchora, na nyingine ikaomba jahazi liwe jalada la jarida lao. Hapa wasanii wengi hudhulumiwa kwa kutojua. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kuuza ubao si kuuza hakimiliki. Haki ya kunakili inabaki kwako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, mpaka uiachie kwa maandishi. Marekebisho ya 2019 yaliongeza kwamba kazi ikiuzwa tena kibiashara, msanii apate asilimia 5 ya bei halisi. Shule ile niliiruhusu kwa barua ya mistari mitatu, kwa toleo moja tu, na jina langu likachapwa.

Nyota ya tano ilipotea kwenye mkutano. Ukumbi ulihitajika ghafla, viti na meza vikasukumwa ukutani, na kona ya picha moja ikakwaruzwa. Nilipouliza, kila mtu alisikitika kwa dhati, ila hapakuwa na karatasi inayosema nani anawajibika. Bima hakuna. Taa ya upande mmoja nayo iliungua na haikubadilishwa hadi nilipoondoa kazi. Si ubaya wa watu. Wanaendesha nyumba kubwa kwa bajeti ndogo. Lakini picha ni jasho la mtu, na maktaba inayosajili kila kitabu kwa namba inaweza pia kusajili picha. Kabla ya kutundika, andika orodha ya kila kazi, vipimo vyake, bei na hali yake, ambatanisha picha za simu, na msaini nyote wawili. Andika pia kwamba ukumbi ukihitajika utapigiwa simu mapema.

Barua ya maombi iandikwe kwa msimamizi wa maktaba, na nakala iende kwa idara ya utamaduni ya kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 imeziweka maktaba na shughuli za utamaduni miongoni mwa kazi za kaunti. Epuka Oktoba na Novemba, wakati watahiniwa wamejaa hadi kwenye ngazi na hakuna anayetaka kusikia nyundo. Mwezi wa Ramadhani alasiri huwa na watu wachache, ndio wakati mzuri wa kupanga na kutundika. Na peleka barua mapema. Ukuta niliouacha mimi umeshachukuliwa na fundi wa kofia za kushona kwa mkono, na mkutubi keshaanza kumtafutia vitabu.